Rafiki wa Ng'ambo

Wattie Geddes hakuwa na mke, wala mbwa, wala hakuwa mtu wa baa. Alikuwa na Dod Rennie, na Dod alikuwa ng'ambo ya mto.

Wote wawili walikuwa waongozaji wa wavuvi, kila mmoja na tajiri wake, kila mmoja na ukingo wake. Kazi yao ilikuwa kuwasimamia wageni wa mjini, wale wenye mabuti mapya ya mpira yanayofika kifuani, na kuwafundisha kurusha chambo cha manyoya bila kujichoma ndoana sikioni. Mgeni wa Wattie akinasa samoni, Dod humwamuru wa kwake avute mshipi upesi, asije akaingilia. Ndiyo adabu ya mto. Kisha huweka viganja mdomoni na kupaza sauti kuyashinda maji:

"Wattie! Huyo samaki kajinasa mwenyewe, usimsifu mtu!"

"Na wa kwako je? Tangu asubuhi anavua nyasi!"

Hivyo ndivyo walivyozeeka. Kwa kupigiana kelele waliambiana kila kitu: misiba, magoti mabovu, trauti mkubwa aliyeonekana nyuma ya jiwe. Wattie alipofiwa na mama yake, Dod alivua kofia upande wa pili akasimama nayo mkononi huku mvua ikimnyeshea. Lakini hawakuwahi kushikana mikono. Daraja liko mbali, kule chini mjini, na watu wa bonde letu hawaendi nyumbani kwa mtu bila kualikwa. Wattie alingoja aalikwe. Dod naye, kumbe, alikuwa akingoja vivyo hivyo. Ukaidi mtupu, ukiniuliza mimi.

Septemba hii majani ya ukingoni yalianza kugeuka manjano, mvua ikaujaza mto, samoni wakapanda kwa wingi, na Dod hakuonekana. Mahali pake alisimama mwongozaji mwingine, mtu wa miwani myeusi, ambaye Wattie alipompungia mkono aligeuka nyuma kuona ni nani anayepungiwa. Wattie akapaza sauti kumuuliza Dod yuko wapi. Yule mtu akagusa kifua chake, akatikisa kichwa.

Wiki ile nzima Wattie hakusema neno ila la kazi. Wageni wakadhani ndiyo tabia yake. Ukweli ni kwamba aliogopa. Dod akienda, hatabaki mtu mwingine duniani wa kumtania.

Jumamosi jioni alivua trauti mmoja mnene, akamfunga kwenye gazeti. Jumapili, siku ambayo kwetu samoni havuliwi, akaendesha gari mpaka darajani, akavuka, akaulizia nyumba ya Dod.

Netta, mke wa Dod, alifungua mlango akamtazama juu hadi chini.

"Nikusaidie nini, bwana?"

"Mimi ni Wattie."

"Wattie yupi?"

"Wa ng'ambo."

Netta akajishika mdomo. "Ewe! Ingia, ingia! Na wewe ulikuwa wapi miaka yote hii?"

Chumbani Wattie alipigwa na butwaa. Dod alikuwa mfupi! Ukingo wa upande ule umeinuka, ndio uliomdanganya. Tena alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, na pumzi inamkwaruza kifuani.

"Wattie!" Dod akafoka kwa sauti iliyotikisa vikombe. "Kumbe umezeeka hivi!"

"Na wewe kumbe mbilikimo!" Wattie naye akapasua koo.

"Jamani!" Netta akaja mbio kutoka jikoni. "Mna nini nyie? Si mmeketi goti kwa goti!"

Wakaona aibu. Wakajaribu kuongea polepole kama watu wengine, ikashindikana. Wattie alikunywa chai, akala biskuti ya shayiri na jibini, akasema trauti aliyemleta katoka maji ya juu. Dod akasema eh. Kila mmoja akatazama mikono yake. Wattie akahisi upweke mkubwa kuliko ule wa nyumbani kwake, maana huu ulikuwa na mtu ndani yake.

"Wattie," Dod akasema mwishowe, "usinikasirikie. Hebu toka nje. Nenda kule mwisho wa bustani, penye ukuta wa mawe. Netta, nifungulie dirisha."

Wattie akatoka, akapita kwenye kabichi, akafika ukutani, akaweka viganja mdomoni.

"Dod! Yule wa miwani anawafundisha watu kuchapa maji!"

"Nimeambiwa! Hata bata wamehama!"

Wakacheka wote wawili, na Dod akakohoa kwa muda mrefu. Maneno yakaja, yakaja mengi. Majirani walitoka milangoni kutazama wazee wawili wakipigiana kelele kuvuka kabichi. Wattie alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo wiki nzima, na kwa furaha ile akathubutu kuuliza.

"Dod! Msimu haujaisha! Nikuone lini?"

 Mkono ukashika kizingiti cha dirisha, na Dod akajiinua mpaka uso wake ukaonekana.

"Sirudi tena mtoni, Wattie! Daktari keshasema! Usinitazamie!"

Hapakuwa na upepo, wala maji. Kila neno lilimfikia Wattie waziwazi, na majirani pia walilisikia. Akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Sikusikii!" akapaza sauti, machozi yakimtiririka. "Mto unavuma! Utaniambia kesho!"