Siku Tuliyoimwagia Barabara Maji

Jumatano, Februari inakaribia kuisha. Jua kali tangu asubuhi, upepo unatoka upande wa Uganda, na vumbi limekaa hewani kama limefungwa hapo.

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika haya. Shule niliacha darasa la saba, na maneno mengine ya leo kwenye baraza la chifu sikuyashika. Nitaandika niliyoyasikia, na wale nisiowapenda nitajaribu kuwapa haki yao.

Tunakaa nje kidogo ya Malaba, kando ya barabara ya murram, udongo mwekundu usio na lami. Uwanja ulio mbele ya boma letu unatakiwa uwe yadi ya trela zinazongoja kuvuka mpaka. Tayari zingine hulala hapo. Kabla ya kujenga, ni lazima watu waje wapime yadi hiyo itawafanyia nini wakaaji kiafya. Hilo ni jambo jema, na aliyelifikiria simjui lakini namshukuru.

Binti yangu ana miaka minane na kifua kibaya. Trela zikipita zimefuatana, usiku huo atalala ameketi, ananishika mkono, anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Daktari wa dispensari aliniambia dawa atampa, ila vumbi hawezi kumwondolea. Basi niliwangoja wapimaji hao kwa hamu. Nilijiambia, wakimwona huyu mtoto, yadi wataipeleka mbali na nyumba za watu.

Siku waliyokuja, mwanzoni mwa mwezi huu, nilikuwa nimeenda Busia kununua unga wa chapati ninazouza. Niliporudi jioni wameshaondoka, na mama mkwe wangu ana furaha.

"Wageni wamekula wakashiba," akaniambia. "Yule msichana wao nimempa firigisi."

Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba au mgeni wa heshima. Nikauliza walipima nini. Akasema walisimamisha kitu cha kupimia vumbi, chenye miguu mitatu, kando ya barabara na kuuliza maswali nyumba kwa nyumba. Kisha akanieleza, bila kuficha, jinsi walivyojiandaa. Naibu wa chifu alikuwa ametangaza kwamba wageni wanakuja, maboma yawe safi. Wanawake wakaamka alfajiri, wakafagia, wakabeba mitungi kutoka kisimani na kuimwagia barabara maji kutoka kanisani hadi kwetu. Madereva waliombwa wazime injini, na kwa heshima wakazima.

"Na mtoto?"

"Nilimlaza jikoni, nyuma. Utamwonyesha mgeni mtoto anakohoa?"

Nilikaa chini. Lakini niseme ukweli: ningekuwepo, pengine ningebeba mtungi wangu kama wengine. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akija, vumbi linalazwa.

Leo barazani tumesomewa walichokipata. Aliyesoma ni yule msichana aliyekula firigisi. Sauti yake nzuri, hana maringo. Akasema vumbi la barabara ni dogo. Akasema katika nyumba walizotembelea hakuna aliyelalamikia kifua. Yadi inaweza kujengwa, ila ipandwe miti pembeni.

Nikainua mkono.

"Dada, siku hiyo barabara ilikuwa na maji."

"Ndiyo, mama, niliona imelowa," akajibu. "Nikauliza kama mvua ilinyesha. Mama mmoja akaniambia, Mungu ametubariki."

Watu wakacheka. Mama mkwe wangu, aliyekuwa kando yangu, akaangalia viatu vyake.

"Mvua, mwezi huu?" nikasema. "Rudini mpime leo. Simameni hapo nje tu."

"Kazi ya kupima imekwisha, mama. Leo tumekuja kuwasomea tu."

"Nina mtoto," nikaanza kumwambia, lakini kijana mmoja wa boda boda akapaza sauti kutoka nyuma: "Mama Chapati! Malori yakienda kwingine, hizo chapati utauzia ng'ombe?"

Kicheko kikawa kikubwa. Anasema kweli. Madereva ndio wanunuzi wangu. Hata dawa ya mtoto inatoka kwa trela hizo hizo. Nikaketi.

Yule msichana simwiti mwovu. Ametoka mbali, na aliambiwa ni mvua na mtu mzima mwenye mvi. Lakini alikuja siku moja tu, siku ambayo sote tulijua anakuja, na hakushangaa kwamba mahali penye malori mengi hivyo palikuwa kimya. Kusoma kote kule, na hakushangaa. Hilo linaniuma, na sijui kama nina haki ya kukasirika.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia mama mkwe kwamba Jumamosi nitampeleka mtoto Sigalame, kwa dada yangu, akasomee huko. Mashamba ni mengi, malori hakuna. Sijui atarudi lini. Mume wangu yuko safarini Kampala, nilimpigia akasema, "Fanya unavyoona."

Jioni nilimkuta mama mkwe anamwaga maji mbele ya mlango, polepole, kwa kikombe.

"Mama, leo hakuna mgeni."

"Yuko," akasema, akaelekeza kidole jikoni, binti yangu alikokuwa anapuliza moto na kukohoa.

Nilitaka kumfokea. Mtoto amekuwaje mgeni kwao? Lakini alikuwa ameshamchinja jogoo wetu mweusi, wa mwisho, na mikono yake ilikuwa na manyoya.

Tulikula kuku kwa ugali wa wimbi na muhogo. Firigisi alipewa mtoto. Akaitafuna upande mmoja, akakohoa, akairudisha sahanini, akasema ina mchanga. Mama mkwe akasema hapana, ameiosha vizuri. Nikaionja. Ilikuwa na mchanga.