Jibini Iliyopikwa Kama Makayabu

Sogea, rafiki, nikueleze kuhusu harufu moja. Juzi, dukani hapa Durban, mtu alifungua friji ya jibini za Ulaya, na tumbo langu likanirudisha kwenye fleti yetu ya Berea, mwaka uliofuata Kombe la Dunia, nilipokuwa bado mtoto wa shule ya msingi.

Baba mkubwa alikuwa amekuja kututembelea kutoka Ufaransa. Aliishi katika mji mdogo unaosifika kwa jibini na divai, na alitaka kunichukua nikasome huko. Nikimenya viazi, alinisimulia jinsi watu wanavyotembea vilimani siku ya Jumapili, katikati ya mizabibu, wakirudi wanakula jibini na mkate. Nilitaka kwenda kuliko kitu chochote. Ila neno la mwisho lilikuwa la bibi, mama yake, na bibi alikuwa bado anafikiri.

Jibini aliyotuletea ilikuwa na ngozi ya rangi ya machungwa, inateleza, na ilinuka kama soksi zilizosahauliwa ndani ya viatu vilivyolowa.

"Musiogope," baba mkubwa alisema akitoka kwenda mjini. "Inanuka sawa makayabu, lakini iko tamu."

Makayabu, kama humjui, ni samaki wa chumvi. Ili kumpunguzia harufu unamloweka, unamchemsha, unamwaga maji, halafu unamkaanga kwa nyanya na mawese. Bibi aliposikia neno hilo, akafanya hayo yote.

Jibini iliyeyuka, ikavutika kama makamasi, ikagandia sufuria. Mvuke wake uliingia kwenye mapazia na kwenye sare yangu ya shule. Jirani yetu Mzulu akagonga mlango akiwa amebana pua, akamwuliza bibi, ambaye kwa Kizulu humwita gogo, kwa Kiswahili alichokiokota kwetu: "Eish, gogo, panya amekufia wapi?"

Baba mkubwa aliporudi, akafunua sufuria. "Mama, hii iko nini?"

"Iko fromage yako. Si ulisema sawa makayabu?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachovya tonge la fufu, akanipa. "Kula, Mufaransa wangu."

Nilijitahidi, rafiki. Nilimeza kabisa. Halafu nikatapika juu ya viatu vyake.

"Lakini, mama, kule hatuipikagi!" alisema haraka.

"Munaikula mbichi?" Bibi alishika kifua. "Basi mutoto haendi."

Baba mkubwa akarudi Ufaransa peke yake. Leo bibi hayupo, baba mkubwa amehama mji ule, na kwenye fleti yetu wanaishi wanafunzi. Vilima vile nilivitembea kwa masikio tu. Na jibini yenyewe bado inanitia kichefuchefu, siwezi kukudanganya.

Kwa hiyo ukiletewa chakula cha ugenini, kiweke mezani, usiwashe jiko, umsubiri aliyekileta akuonyeshe kinavyoliwa.