Mlezi Aliyebaki Lubumbashi

Mwanamke wa dirishani, pale chuoni wanapoandikisha wanafunzi, aliniuliza mimi ni nani wa msichana huyu. Nilimjibu kama ninavyomjibu kila mtu: ni mtoto wangu. Akaangalia tarehe zetu za kuzaliwa, akaangalia nyuso zetu, akasema kwa upole kwamba hesabu haikubali. Mdogo wangu akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa nimedanganya.

Kwetu Lubumbashi, aliyekulea ndiye mzazi wako, na hakuna anayemwuliza ana umri gani. Sisi tulifiwa na mama kwanza, kisha baba, kabla huyu wa mwisho hajaanza shule. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha masomo wiki ileile ya msiba, na hakuna aliyenituma niache. Wadogo walihitaji kula. Nikauza makaa, kisha mikate, kisha chochote kilichonunulika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nikafika Brussels kwa ndoa ambayo haikudumu kama karatasi zake. Niliachika, karatasi za kukaa kwa kudumu zikabaki, nikapata kazi ya kusafisha ofisi katika minara ya pembeni mwa kituo cha treni cha Gare du Nord. Huyu mdogo nikamleta baadaye sana, kwa viza ya masomo. Akakaa nami Evere, humohumo Brussels, akamalizia mwaka wa mwisho wa sekondari mtaa jirani wa Schaerbeek. Alikuwa na miaka kumi na saba, na kila mwalimu aliyezungumza nami alisema neno moja: huyu aende udaktari.

Ndiyo maana tulikuwa pale dirishani. Miaka ile vyuo vya upande wa Kifaransa vilikuwa vimeanza kuwawekea mpaka watu wa nje waliotaka udaktari. Vijana wa Ufaransa walikuja wengi mno. Mkazi wa Ubelgiji alijiandikisha tu, yakaisha. Asiye mkazi aliingizwa kwenye bahati nasibu: afisa wa mahakama alichota namba, na waliobaki chini walirudi kwao. Viza ya masomo haikumfanya mdogo wangu kuwa mkazi. Ila kulikuwa na njia moja. Mtoto ambaye baba yake, mama yake au mlezi wake wa kisheria amekaa Ubelgiji kwa haki ya kudumu alihesabiwa mkazi kama yeye.

“Wazazi wetu wamekufa,” nilisema.

“Basi mlezi wa kisheria ni nani?”

Nilimjua, na hakuwa mimi.

Baada ya matanga ya baba, wakubwa wa ukoo walikaa sebuleni kugawana majukumu. Mimi nilikuwa uani nikisonga bukari, ugali wa kwetu, kwa ajili ya wale waliokaa. Nilipoingia na sinia, shauri lilikuwa limekwisha: watoto wamepewa mdogo wake baba. Alilia kweli siku ile. Akaenda kwa hakimu pamoja na wakubwa, karatasi ikapigwa muhuri, kisha akarudi kwake upande wa pili wa mji, na sisi tukabaki katika nyumba yetu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja Krismasi. Kila palipohitajika baba, yeye alikaa kwenye kiti cha baba. Tulipoomba viza ya mdogo wangu, alitia sahihi siku hiyohiyo, amevaa koti na tai.

Mdogo wangu angetimiza miaka kumi na nane mwezi wa Novemba. Baada ya hapo asingehitaji mlezi, wala mlezi asingemfaa kitu. Kupeleka majalada kulikuwa mwishoni mwa Agosti. Katikati hapo ilibidi baba yetu mdogo aende kwa hakimu, ajitoe, niwekwe mimi.

Nilimpigia Jumapili ya kwanza ya Juni, baada ya misa. Nilieleza polepole, nikarudia. Kwanza aliuliza kama ubalozi umeikataa sahihi yake. Nikasema hapana. 

“Bon,” akasema. “Donc unapenda niende kwa juge, niseme mbele ya bantu mi haiko tena baba yabo.”

“Hapana, papa. Ni kwa karatasi tu.”

“Karatasi njo ilinipa bale batoto. Bantu batasema nini? Batasema alikula mali ya bayatima, njo sababu banamuondosha.”

Hakula kitu. Hapakuwa na kitu cha kula. Lakini nilielewa anachoogopa. Mwisho akasema yeye peke yake hawezi. Waliompa watoto ni wakubwa, na watakaomwondoa ni haohao. Wakae tena.

Basi nikaanza kuwatafuta wakubwa. Mmoja alikuwa Kolwezi, mwingine Likasi, mwingine mgonjwa. Juni ikapita. Nilipiga simu kabla ya kazi na baada ya kazi, nikiongea kwa unyenyekevu hadi shingo inauma, kana kwamba walikuwa wananiona. Tonton wa Likasi, mzee tuliyemwita hivyo kama ami, ndiye aliyesema waziwazi kile ambacho wengine walikizunguka.

“Weye uliacha masomo mu njia,” akaniambia, “leo njo unatufundisha sheria?”

Nikamjibu ndiyo, tonton, nimeacha masomo, ndiyo maana naomba huyu asiyaache. Akacheka kidogo, akasema Ulaya imenifundisha mdomo. Hakuahidi kitu.

Julai nilikwenda kwa padri mmoja mzee wa Kibelgiji aliyefundisha Katanga miaka mingi, aliyestaafu akabaki na Kiswahili chetu kama alivyokiokota. Nilimwomba awaandikie wakubwa, maana walimheshimu. Aliandika. Aliponisindikiza mlangoni nikamwomba pia atuombee, akatikisa kichwa. “Maman, nitaomba. Lakini ile ni mambo ya juge, haiko ya Mungu.”

Nyumbani mdogo wangu alikuwa anasoma fizikia kwenye meza ya jikoni. Mwaka ule kuingia udaktari hakukuhitaji mtihani. Alisoma ili asiniulize. Nami nilipika ili nisiulizwe. Nikikosea nikamwita “daktari” kwa mzaha, hakuitika.

Agosti ilipofika katikati, baba mdogo alipiga simu mwenyewe, kwa furaha, akiongea juu ya sauti za watu waliokuwa wanakunywa. Wakubwa wamekaa. Wamekubali, wote, hata yule wa Likasi. Bahasha inakuja na mtu wa ndege. Nilikaa sakafuni pale nilipokuwa, koridoni, nikalia, mdogo wangu akanishika kichwa.

Niliipokea bahasha kutoka kwa msafiri, nikaifungua ndani ya basi. Ilikuwa barua. Imeandikwa kwa mkono mzuri, kwa Kifaransa cha heshima. Ilisema ukoo mzima umekaa, umemweka mtoto mikononi mwa dada yake mkubwa, ambaye tangu msiba ndiye amekuwa baba na mama yake, na ambaye ukoo unamshukuru. Kulikuwa na sahihi za wote, na alama za vidole za wasioweza kuandika. Baba mdogo alitia sahihi ya kwanza, kama mlezi na mkuu wa familia.

Hawakwenda kwa hakimu. Haikuwa hila, sasa najua. Kwao hakimu ni mtu wa kugonga muhuri juu ya jambo ambalo wenyewe wamekwisha kulikata. Walikuwa wamenipa kitu kikubwa kuliko muhuri, na walidhani Ubelgiji itaona ukubwa wake. Nilisoma mstari ule wa baba na mama mara nyingi. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Mstari huo ulikuja siku ambayo haukuweza kumsaidia mtoto, nikapita kituo changu bila kujua.

Nilimpigia baba mdogo palepale. Hakimu? Mahakama iko likizo, akasema, na kwa nini hakimu, si wakubwa wote wametia sahihi?

Mwanamke wa dirishani aliisoma yote, hadi kwenye alama za vidole, bila haraka. Akasema ni barua nzuri sana. Akairudisha kwangu kwa mikono miwili na kutuonyesha foleni nyingine.

Foleni ya wasio wakazi ilikuwa ndefu, na ilikuwa na hali ya sherehe. Magari ya Ufaransa yalijaa barabara nzima. Kina baba walinunua kahawa, kina mama walipanga majalada. Mama mmoja nyuma yetu alikuwa ametoka Lyon na mwanawe, wamelala hotelini. Akauliza sisi tumetoka mbali kiasi gani. Mdogo wangu akamwambia Evere, tumekuja kwa basi. Yule mama akacheka sana, akidhani ni utani, na mdogo wangu akacheka naye kwa adabu.

Namba zilichotwa. Ya mdogo wangu ilitoka chini sana, mbali na nafasi zilizokuwapo. Wakatuambia wengine hujitoa wakipata nafasi kwao, kwa hiyo tusubiri. Tulisubiri Septemba nzima. Masomo yalianza bila yeye. Kila asubuhi alipiga simu chuoni, akataja jina lake herufi kwa herufi, akasikiliza, akashukuru. Kisha akakunja shati lake la shule ambalo halikuhitajika tena, akalikunjua, akalikunja.

Baba mdogo alipiga Jumapili moja tukiwa mezani. Alikuwa amewatangazia majirani wote. “Docteur iko wapi? Munipatie docteur.”

Nilitaka kusema mimi, lakini mdogo wangu alikwisha kuichukua simu.

“Papa, sikuingia.”

Nilimsikia akiuliza barua ilikosa nini. Mdogo wangu aliniangalia. “Haikukosa kitu, papa,” akasema. Nikamnyang'anya simu, kwa kuwa sikutaka uongo huo ubebwe na mtoto. Nikamwambia ilikosa hakimu. Nikasema kama nilivyosema Juni, kwa maneno yaleyale, ila bila unyenyekevu.

Hakugomba. Nilisikia redio ya jirani yake, na mtu akipita na baiskeli.

“Nilizani shiye bakubwa tunatosha,” akasema.

Kisha akasema kesho Jumatatu atavaa koti, ataenda kwa hakimu, atasema yote mbele ya watu, waseme watakalo. Nilijua karatasi kama ile huchukua miezi. Novemba ilikuwa karibu, na baada ya siku ile ya kuzaliwa hakuna ofisi ambayo ingeitazama.

“Enda, papa,” nikamwambia.

Mdogo wangu alisubiri nikate simu. Alikuwa amefanya hesabu ileile. Akarudisha kiti mezani, akavuta sahani yake, akaniuliza foleni ya wasio wakazi mwakani itafunguliwa saa ngapi.