Mshindo Ulirudi Kutoka kwa Kaka

"Hivi mama, ni kweli Sikio alimchongea kaka yake wa tumbo moja?" Jirani yangu aliniuliza hivyo tukianika nguo. Nikamjibu kwamba hakuchongea mtu, alifanya kazi yake. Hakuridhika. Wengi hawaridhiki.

Sikio ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Jina hilo walimpa wenzake wa idara ya maji, maana kazi yake ni kusikiliza mabomba, ingawa anayesikiliza hasa ni mashine. Wanafunga valvu, ile koki kubwa ya bomba, ghafla, maji yaliyokuwa mbioni yanajigonga, na mshindo unakimbia ndani ya bomba. Ukikuta tundu, au bomba lililochomekwa kwa siri, sehemu yake inarudi. Kwa muda uliotumia kurudi, wanajua pa kuchimba.

Mwaka ule mitaa ya bondeni ilikauka, kina mama wakawa wanatukanana kwenye foleni za ndoo. Sikio akatumwa. Mshindo uliporudi, wakavuta futi ya kupimia kando ya barabara, ikaishia getini kwa kaka yetu mkubwa, mwenye banda la kuoshea magari. Wenzake Sikio hawakujua ni kwa nani. Angeweza kusema ni kiungo cha zamani cha bomba tu, maana viungo navyo hurudisha mshindo, na wangemwamini. Aliniambia alisema tu, "Chimbeni."

Bomba la wizi likaonekana, likakatwa, banda likafungwa. Watu wa bondeni wakapata maji, na wao ndio wa kwanza kumwita Sikio msaliti wa damu yake.

Sasa mama yetu, aliyelazwa na kiharusi, anakaa kwa kaka, na maji ya kumwogeshea yalitoka kwenye bomba hilo hilo la wizi. Kaka akaapa Sikio hatakanyaga kwake. Siku alipoleta madumu ya maji, kaka alimkebehi bila kufungua geti: "Mama hayumo kwenye bomba, bwana mkubwa. Kasikilize kwingine."

Nimemsihi kaka, nimefunga na kusali. Ametia pamba masikioni. Na mama hasemi tena, ila mlango ukifunguliwa hugeuza macho kuona ni nani.

Juzi nikitoka kumwogesha, nilimkuta Sikio ng'ambo ya barabara, bado na sare yake ya kazi. Habari za kaka hakuziuliza. Alisema, "Dada, kesho ukimwogesha mama, mwambie nakuja hadi hapa kila siku. Asije akafa akidhani nimemtupa."