Mbu wa Jumamosi

Naikumbuka Jumamosi moja pale kituoni Mpemba, mwanangu, enzi za Mwingereza, mimi kijana nimevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe. Sogea karibu, sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Uliponiambia umepata kazi ya kuchunguza mbu sikukupongeza, nawe ukanuna. Leo nitakuambia kwa nini.

Bosi wangu alikuwa mtaalamu wa Kizungu, watu wakimwita Bwana Mbu. Nyumba za bondeni Momba zilikuwa zimepuliziwa dawa kutani, naye alitaka kujua kama mbu bado wanakufa au wameanza kuizoea. Kazi yangu ilikuwa kuwakamata, kuwaweka saa nzima ndani ya kopo lenye karatasi iliyopakwa dawa, kisha kuwahamishia kopo safi lenye pamba ya maji ya sukari. Kuhesabu ni kesho yake, saa ileile, si kabla. Alinieleza mara nyingi kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Mbu anaanguka, anapumzika, anaamka. Ngoja kesho."

Sasa, mbu wa bondeni niliwapima Jumamosi, kesho yake ni Jumapili, na mimi nilikuwa mwimbaji wa kwaya kwetu Nanyala, tena wa kujisikia. Lori la kwenda Mbozi, la kunifikisha huko, lilipita Jumamosi alasiri. Siku hiyo nikachungulia kopo, nikaona mbu karibu wote wamelala chali. Nikasema moyoni, hawa wamekwisha, nani atakuja kuwauliza? Nikaandika wamekufa, nikawamwaga dirishani, nikadandia lori. Jumamosi iliyofuata nikafanya vilevile, na nyingine, ikawa mazoea. Bwana Mbu akasoma daftari, akaridhika, akaagiza nyumba zipuliziwe dawa ileile msimu mwingine tena.

Ubaya ni kwamba hata mimi mwenyewe nilikuja kuliamini lile daftari.

Bibi yako Lidia alikuwa kwao bondeni, alikokwenda kujifungua kwa mama yake kama ilivyokuwa desturi. Binti yetu wa kwanza, Rabeka, alikuwa na miezi minne. Lidia akanitumia salamu: mbu wanauma kama zamani, njoo utuchukue tupande Nanyala kwenye baridi. Mama mkwe naye akaongeza neno lake kupitia kwa bintiye, maana kwetu mtu na mama mkwe wake hawasemezani ana kwa ana, hata njiani wanapishana kwa mbali. Nikajibu kwa jeuri ya mtu wa ofisini. Nikasema dawa inaua, mimi ndiye ninayehesabu. Kama mbu wapo, basi mama amekandika kuta kwa udongo mpya akaifunika dawa. Tuliwakataza kina mama kukandika, na kila mbu alipoonekana tuliwatupia wao lawama. Nikaagiza wabaki hukohuko.

Wiki ya tatu nikaitwa, Rabeka ana homa. Nilipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa, dogo mno. Lidia hakuinua uso. Nikaingia ndani kwa sababu sikujua nisimame wapi, na mama mkwe akanifuata, akasimama mbele yangu, akanitazama machoni. Hakuwahi kufanya hivyo, wala hakurudia mpaka alipofariki.

"Baba, ukuta sikuugusa," akasema. "Ulikataza, nikatii."

Nikautazama ukuta. Alama nyeupe za dawa zilikuwa palepale, na juu yake mbu wametulia.

Nilirudi Mpemba nikamweleza Bwana Mbu kila kitu. Hakufoka. Aliniuliza Jumamosi zilikuwa ngapi, nikamwambia sikuzihesabu, basi akachukua kalamu akakata kurasa zote, za kweli na za uongo, kwa kuwa hazikujulikana tena zipi ni zipi. Jumapili ya kwanza niliyongoja, mbu wengi waliamka mbele ya macho yangu. Walikuwa wakiamka siku zote. Dawa nyingine ililetwa baadaye, lakini Rabeka haikumkuta. Lidia alirudi kwangu, tukazaa wengine, mama yako akiwa mmoja wao. Habari za kazi yangu hakuniuliza tena hadi leo.

Watu husema moyo hupoa. Wangu haujapoa, na sasa nimechoka kuungoja. Nilichobaki nacho cha kukupa ni hiki, mwanangu. Usiandike kwamba kitu kimekufa kabla saa yake haijatimia, hata lori likipiga honi. Mwenye nyumba akikuambia mbu wanamuuma, msikilize yeye kabla ya daftari lako, wala usitafute ukuta wa kumsingizia. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, maana kosa lililokaa kimya linatembea lenyewe mpaka mlangoni kwa mtu.

Mungu akupe subira. Mimi alinipa, nikaimwaga dirishani pamoja na wale mbu. Aibariki mikono yako, na watoto wa bondeni wakue, wazeeke, wasijue hata kwamba ulipita.