Siku Kaka Alipopimwa Kumbukumbu

Kaka yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Usagara, na alikuwa mwalimu hata akiwa nyumbani. Ukiingia bila kusalimia, anakurudisha mlangoni uingie upya. Mimi alinifundisha kusoma kabla sijaanza darasa la kwanza, akiandika herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, na mama akilalamika huku anausiliba upya.

Halafu malaria ikampanda kichwani. Alilazwa hajitambui, tukawa tunapokezana kukaa naye, wifi yangu mchana na mimi nikitoka zamu. Alipofumbua macho na kuomba uji, ndugu walishukuru Mungu, wakarudi makwao. Sisi tuliobaki ndio tulioona kwamba hakuwa ameamka mzima. Birika aliliita "kile cha moto". Jumapili alivaa akaenda shuleni, akakuta kumefungwa, akarudi, baada ya muda akavaa tena. Aliporuhusiwa kujaribu darasa, alifundisha hesabu za sehemu asubuhi, na baada ya mapumziko akaingia darasa lile lile akafundisha sehemu tena, kwa mifano ile ile. Watoto waliandika upya.

Mwalimu mkuu alikuja nyumbani mwenyewe. Alimaliza kikombe cha chai ndipo akasema kwamba ofisi ya elimu haiwezi kumrudisha kazini mpaka apimwe na mtaalamu wa saikolojia, na kwamba mjini, hospitalini, yupo mmoja aliyehamia kutoka Dar.

"Apimwe akili," wifi alisema. "Kwa sindano?"

Mwalimu mkuu hakujua. Alisema atauliza, lakini hakurudi kutuambia.

Wifi alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo nilimpeleka mimi. Wakati huo nilikuwa kiwanda cha minofu. Viwanda vya samaki vilikuwa vinaota ufukweni kila kukicha, na kule kiwanda cha nguo, alikokuwa mume wangu, walikuwa wanapunguza watu. Nilisimama zamu nzima nimevaa gambuti, nachuna sangara waliotoka kwenye barafu, vidole vimekufa ganzi kiasi kwamba unajikata na hujui mpaka uone wekundu kwenye maji. Msimu ule ganzi haikuwa ya vidole tu. Niliomba kubadilishana zamu na mwenzangu, nikabeba chupa ya chai na chapati, tukaondoka na kaka.

"Wanapima wazimu?" aliniuliza njiani.

"Sijui, kaka. Tutasikia."

Aliniuliza tena tulipofika getini, kwa sauti ile ile, nami nikamjibu vile vile.

Koridoni tulimkuta mama mmoja na binti yake mdogo, ambaye shuleni walisema hashiki kitu. Mtaalamu alitoka, mwanamke kijana kuliko mimi, hana koti jeupe. Alimwamkia kaka, "Shikamoo mwalimu," na kaka akaitika, "Marahaba," akakaa vizuri. Akatueleza sote kwa pamoja. Hakuna sindano wala damu. Atakuwa na maongezi kwanza, kisha maswali, michoro na vitu vya kupanga kwa mkono. Mengine yataanza kwa urahisi na kuendelea kuwa magumu hadi mtu ashindwe, na kila mtu hufika mahali akashindwa, mtoto na mtu mzima. Mwenye njaa ale kwanza. Akichoka, aseme, watapumzika.

"Muda wa mtihani?" kaka aliuliza.

"Sio mtihani, mwalimu."

Kaka alitikisa kichwa kama anayesikia udhuru wa mwanafunzi.

Mtoto aliingia kwanza. Alipotoka alikuwa ameshika mchoro wa mtu mwenye vidole vingi. Kaka akamuuliza amepata ngapi. Mtoto alimtazama mama yake.

Sisi tulianza kwa maongezi. Mtaalamu alimuuliza kaka alizaliwa wapi, alisoma wapi, analala vipi, anakunywa pombe, aliwahi kuanguka akaumia kichwa? Ya zamani kaka aliyajibu yote, hadi jina la mwalimu wake wa darasa la tatu. Kisha mtaalamu akaniuliza mimi, kando, nimeona nini nyumbani. Nilimsimulia birika, Jumapili, hesabu za sehemu. Nilisikia sauti yangu inasimulia kama inasoma bei sokoni.

Aliniruhusu kukaa ndani, nyuma yake, kwa sababu kaka alitaka. Alimtajia tarakimu azirudie, halafu azirudie kinyumenyume. Alimpa vipande vya mbao vyekundu na vyeupe avipange vifanane na picha.

"Hivi ni vya chekechea," kaka alisema.

"Vinatumika kwa wote, mwalimu."

Alivipanga. Kimoja kikabaki mkononi, akakigeuza na kukigeuza, na mimi niliona pale kinapotakiwa, nikamwelekeza kwa kidevu, naye akanitazama. Mtaalamu hakugeuka, alisema tu, "Dada, tafadhali usimsaidie, hata kwa kichwa." Nikahamisha macho dirishani. Ziwa lilikuwa limetulia, na moshi wa viwanda vyetu ulipanda wima. Nilisubiri nihisi kitu. Nilichohisi ni kwamba kiti kilikuwa kigumu.

Aliambiwa ataje wanyama wengi awezavyo. Alitaja ng'ombe, mbuzi, kondoo, kisha akahamia Kisukuma, mtaalamu akaniomba nitafsiri. Nikatafsiri: ng'ombe, mbuzi, kondoo.

Kisha akampa karatasi yenye habari fupi aisome kwa sauti. Kaka alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Alisoma kama alivyosoma miaka yote mbele ya darasa, anapumzika penye mkato, anashusha sauti penye nukta, na penye maneno ya wahusika anabadilisha sauti. Ilikuwa habari ya mwanamke aliyevuka na kivuko pale Busisi, akasahau kapu lake la nyanya, na jinsi lilivyomrudia. Mtu aliyepita koridoni alisimama kidogo kusikiliza.

Mtaalamu aliichukua karatasi. "Asante, mwalimu. Habari hiyo inasema nini?"

Kaka alitazama mikono yake. "Inahusu watu," alisema.

"Watu gani?"

Mtaalamu hakumharakisha.

"Watu tu," alisema kaka.

Tulipumzika, tukakaa kwenye ngazi na chapati zetu. Alikula kwa hamu. Akaniuliza, "Yule mwalimu wa kike, anafundisha shule gani?"

Majibu tuliitwa kuyachukua baada ya wiki. Nilidhani mtaalamu ataongea na mimi, lakini alimgeukia kaka. Alimwambia kwamba huo sio wazimu. Kwamba ugonjwa ulipita mahali ambapo kichwa huweka mambo mapya, kwa hiyo ya zamani yapo na mapya hayakai. Huenda yakarudi kidogo, huenda yasirudi. Asikae na darasa peke yake. Nyumbani vitu viwekwe mahali pamoja, apewe kazi moja kwa wakati mmoja, na asibishiwe akirudia swali, ajibiwe tu.

"Nimefaulu?" kaka aliuliza.

"Hapa hakuna kufaulu, mwalimu. Tumejua unaweza nini na nini kinakushinda."

"Basi nimefeli," alisema, bila uchungu, kama anayesoma alama za mtoto wa jirani. Akainuka, akamshukuru.

Mtaalamu alinizuia kidogo mlangoni. "Na wewe, dada, unalalaje?"

"Nalala," nikasema. Ilikuwa kweli. Nililala kama gunia.

Jioni wifi alikuwa anachagua mchele. Nilimweleza yote, nikamaliza kwa kumwambia kwamba hatarudi darasani. Hakuinua uso. Alitoa mawe mawili matatu, akayatupa, akauliza kama nimekula.

Ofisi ya elimu ilimstaafisha kwa ugonjwa. Yeye na familia wakahamia Buhongwa, kwenye kiwanja alichokuwa amenunua akiwa mzima, na wifi akafungua genge la mboga. Kaka analima. Ukimvutia kamba, anafuata mstari hadi mwisho, na mistari yake imenyooka. Mchana huketi kwenye baraza la fundi cherehani akiwasomea watu gazeti, wanakusanyika kumsikiliza. Kesho yake, gazeti jipya lisipofika, huwasomea lile lile, na fundi amewakataza watu kucheka.

Mimi nilirudi zamu. Wenzangu waliniuliza kaka anaendeleaje, nikawaambia hajambo, nikavaa gambuti.