Simu Tatu za Duane

Namlaumu Verla, na namlilia pia. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa nesi wa wagonjwa wa moyo hapa Dubuque, mji wa Iowa, Marekani, na hakuna mtu mtaani kwetu aliyeumwa kifua asimwite yeye kwanza. Alipostaafu alianzisha kundi la kutetea hospitali ndogo za vijijini zisifungwe. Mimi nilikuwa katibu wake.

Kisha mdogo wake, Duane Hoefling, muuza matrekta, aliyefiwa na mkewe na kuishi peke yake, akagombea ubunge wa taifa, kule Washington. Tukampigia debe kwenye televisheni. Sheria yetu inaruhusu kundi kama letu litumie fedha litakavyo, mradi lisipange na mgombea nini kisemwe, wapi wala lini. Wakubwa wa siasa wanaicheka. Mgombea anaweka mtandaoni video zake zisizo na sauti, anatabasamu, anapeana mikono na wakulima, na makundi yanajichukulia. Hawajasemezana, basi hawajapanga. Nasi tulijichukulia.

Lakini Verla hakuwa mtu wa ujanja ujanja. Mwanasheria wetu, Kessenich, alimwambia asizungumze na Duane habari za kampeni. Kwa kuhofia neno moja lisije likamponza mdogo wake, yeye akaona heri wasizungumze kabisa mpaka uchaguzi wa Novemba upite, ingawa nyumba zao zilikuwa mtaa mmoja. Ijumaa moja, kwenye karamu ya samaki wa kukaanga kanisani, Duane alimchokoza mbele yetu sote.

"Jamani, mwambieni dada yangu anipe chumvi. Chumvi haipigi kura."

Verla alinipa mimi nimpelekee. Tulicheka sana, na kicheko kile nakijutia hadi leo.

Jumapili ya pili ya Oktoba, baada ya misa, tulikuwa nyumbani kwa Verla tukibandika anwani kwenye bahasha. Simu yake ikaita, ni Duane. Aliitazama mpaka ikanyamaza. Ikaita tena, na tena. Kisha ukaingia ujumbe wa sauti. Nikamwambia ausikilize tu, ni mdogo wake.

"Nikishasikia la kampeni nitalisahau vipi?" akasema. "Kesho atausikiliza Kessenich."

Ningeweza kumbishia. Niliendelea kubandika.

Kesho yake asubuhi Kessenich aliuweka ujumbe sikioni. Uso ukamshuka. Akatufungulia sauti.

"Dada, ni mimi. Achana na kampeni. Kifua kinanibana tangu kanisani, na mkono umekufa ganzi. Sitaki ving'ora vya ambulensi mtaa mzima. Njoo wewe."

Tulimkuta jikoni, kwenye kiti kinachotazama nyumbani kwa Verla, simu mapajani. Alikuwa amepoa kitambo. Kessenich alirudia rudia kwamba sheria haikuwahi kukataza simu kama ile. Verla ndiye aliyemfumba macho, kwa mikono iliyozoea kazi hiyo.

Tangazo letu lilikuwa limeshapangiwa ratiba, na kabla hatujawahi kulisimamisha likapita jioni ile ile. Duane alitokea akicheka na mkulima mmoja, midomo ikienda. Verla akasogea karibu na televisheni.

"Hapo anasema nini?"

Sikujua. Tulimchukua bila sauti.